Kaya Mpya ya Banda la Mbuzi

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anapenda kuitwa Ekari Arobaini. Ekari zenyewe ni ishirini na sita. Kumi na nne zilizobaki ziko mdomoni mwake, na huko ndiko zinakostawi vizuri zaidi, maana hazihitaji palizi.

Hizo ishirini na sita ndizo zilizotuzeesha sisi. Kila mwaka, mahindi yakifika magotini na magugu nayo yakafika magotini, wote tusio na kitu tulikwenda kumpalilia yeye. Si kwa kumpenda. Wakati wa palizi ndio wakati ghala limebaki vumbi na panya wamehama kwa hasira. Kwa hiyo unaliacha shamba lako linamezwa na nyasi, unakwenda kung'oa nyasi za mwenye nazo ili upate unga wa siku. Ukirudi kwako baada ya wiki tatu, mahindi yako yamekuwa ya njano, membamba kama vidole vya mgonjwa. Unavuna magunia mawili. Magunia mawili yanaisha mapema, na mwakani uko kwake tena umeinama. Miaka arobaini na minne nimezunguka hapo hapo kama punda aliyefungwa kwenye kigingi.

Na tulikuwa hatulipwi kwa siku, tulilipwa kwa kipande. Shemeji alikuwa na ufito wake wa kupimia, anapima mwenyewe, kumi hivi na kumi vile, hicho ndicho kipande chako cha leo. Ukiacha hata mstari mmoja, hupati kitu. Fito za watu wengine huliwa na mchwa zikafupika. Wa kwake ulikuwa unarefuka kila mwaka. Siku moja nikamuuliza, "Shemeji, huu ufito unaumwagilia maji?" Akacheka mbele za watu, halafu jioni akanipunja unga.

Saa sita tuliletewa uji. Uji ule ukiuinamia unaona uso wako, na nyuma ya uso wako unaona mawingu. Yeye alikaa kivulini kwenye kiti cha kukunja, akichokonoa meno, akitueleza kwamba shida ya masikini ni uvivu.

Basi. Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, wakaja watu wa mradi.

Walikuja na pikipiki tatu, wakaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, wakasema jambo ambalo hakuna aliyeliamini. Watapita nyumba kwa nyumba waone nani analala juu ya nini na anapika nini, na kaya zile zilizo hohehahe kabisa zitatumiwa pesa kwenye simu. Si mkopo. Si mbegu. Si semina ya kufuga sungura. Pesa, mara tatu kwa mwaka, ufanye unavyotaka.

"Ninavyotaka mimi?" nikauliza.

"Unavyotaka wewe, mama," akajibu binti mmoja mfupi, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa. "Hata ukitaka kununua kofia."

"Je, nikitaka mume?"

"Ukimpata wa bei hiyo, mama, na mimi usinisahau."

Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo tukamwita Binti Kofia, na mimi nikampenda.

Shemeji hakucheka. Alisimama nyuma kabisa, mikono mgongoni, anawaza. Pesa ile haikumhusu, maana nyumba yake ina bati na sakafu ya saruji na ng'ombe kumi na tatu wanaokula vizuri kuliko mimi. Alikuwa anawaza palizi. Hohehahe wakiwa na unga ndani wakati wa palizi, nani atainama kwenye ekari zake? Akawaza siku mbili nzima, na siku ya tatu akamgundua shetani.

Maneno yakaanza kutembea. Kwamba pesa ile ni ya shetani. Kwamba wanaandika jina lako, wanakupiga picha, wanachukua alama ya kidole chako, halafu baada ya miaka miwili wanakuja kumchukua mzaliwa wako wa kwanza. Shemeji alikuwa ameambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu ambaye dereva wake alishuhudia kwa macho. Shetani wa maskini siku zote anashuhudiwa na dereva.

Mzaliwa wangu wa kwanza mimi ni binti wa miaka arobaini na mitatu. Kila mwezi anakuja kwangu na malalamiko na kuondoka na kuku. Nikasema wakimtaka wamchukue pamoja na mdomo wake, nami nitabaki na kuku wangu. Nikaandikisha jina siku hiyo hiyo.

Mmoja wa waliokataa ni Bi Mdogo.

Bi Mdogo ni mke mwenzangu. Marehemu alimwoa nikiwa na watoto wanne, na tukapigana naye miaka sita kwa masufuria, kwa maneno na kwa kununiana. Kisha mume akafa, na tulipotazama tukaona hakuna tena kitu cha kugombania, tukawa marafiki. Anaitwa Bi Mdogo lakini ni mrefu kama mlingoti. Siku zote anatembea ameinama kidogo, kama anayeomba radhi kwa urefu wake. Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, fundi wa kujenga huko mjini, na anamwaza mtoto huyo kama mtu anavyoliwaza jino bovu, asubuhi mpaka jioni.

"Bi Mkubwa," akaniambia, "wewe unao watano. Mimi ninaye mmoja. Simtoi kwa shetani."

"Shetani gani anapanda pikipiki yenye breki mbovu? Umeona jinsi walivyokuwa wanasimamisha kwa viatu?"

"Shemeji hawezi kudanganya kwa jambo la mtoto. Ni damu yake."

Binti Kofia alipofika kwake akapiga hodi mara tatu. Bi Mdogo akafunga mlango, akajibu kupitia ufa.

"Hayupo."

"Na wewe ni nani?"

"Na mimi sipo."

Binti Kofia akaandika kwamba amekataa. Akaja kuniambia kwa upole, "Mama, tutarudi mara moja tu kupitia walioachwa. Ni wakati wa palizi, na siku ya mwisho tunafunga saa kumi jioni. Orodha ikishafungwa, hata mimi sina uwezo wa kumwingiza mtu."

Pesa ikaja wakati wa kupanda. Simu yangu, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa inaniletea misiba na matangazo ya bahati nasibu, ikalia nikiwa nachambua maharage. Nikanunua magunia matatu ya mahindi ya kula. Nikanunua jembe jipya, viatu na godoro. Muuza duka ambaye miaka yote alikuwa ananiambia, "We mama, usishike kama hununui," siku hiyo akaniletea kigoda, akafuta kwa kitambaa, akasema, "Karibu, mama yangu mzazi." Nikamtazama vizuri. Kama ningekuwa nimemzaa mimi, ningekumbuka ule unyama wa uso.

Na wale wenye akili za ofisini waliosema masikini wakipewa pesa watalewa, walisema kweli. Nililewa. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai yenye sukari, nikalala mchana kwenye godoro, na sikuomba radhi kwa mtu.

Palizi ikafika. Jumatatu ya kwanza nilikwenda shambani kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. Mahindi yangu hayakunitambua. Nilikuwa nikipalilia huku nasikia upande wa pili wa njia shemeji akifungua kile kiti chake cha kukunja, akikifunga, akikifungua. Mwaka uliotangulia walifika watu sitini. Siku hiyo walifika kumi na mmoja, wale wale waliomwogopa shetani wake.

Akavuka njia, akaja kusimama kwangu.

"Shemeji, siku hizi mmevimba sana."

"Ni sukari, shemeji. Tulikuwa hatujaizoea."

"Mnafundishwa uvivu nyie. Nawahurumia. Pesa ya bure inamharibu mtu mkono."

Mimi nilikuwa na jembe mkononi na jasho mpaka kwenye nyusi. Nikautazama mkono wake. Ulikuwa umeshika kijiti cha meno.

"Kweli," nikamwambia. "Naona wa kwako umeharibika kabisa. Nani alikupa pesa?"

Akaondoka bila kuaga. Akawabebesha wale kumi na mmoja kazi ya sitini. Bi Mdogo akawa anarudi jioni amekunjika, anapita mbele ya shamba lake mwenyewe ameugeuza uso pembeni, maana nyasi zilikuwa zimefika kimo cha kuficha ndama. Nikamwambia, "Kula kwangu wiki hii, palilia lako."

"Nikila kwako, Bi Mkubwa, nakula pesa ile ile."

Ujinga wake ulikuwa na heshima kuliko akili ya aliyemdanganya.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa saba mchana, nikasikia pikipiki inasimama shuleni kwa viatu. Ilikuwa siku ya mwisho. Shemeji naye, kwa bahati tu bila shaka, siku hiyo alikuwa amempangia Bi Mdogo kipande cha ng'ambo ya kijito, mbali na macho ya watu. Nikashika njia ya mkato, ile inayopita nyuma ya boma la shemeji, niende kumwita.

Hapo nyuma ya boma ndipo nilipoona kazi.

Kwa shemeji kila paa ni bati, isipokuwa moja, la banda la mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa nje kwenye ua, wanalalamika. Watoto wake wawili, wanaume wazima wenye ndevu, walikuwa wanaingiza vitu bandani. Kitanda cha kamba. Blanketi lililochanika, na nina hakika lilichanwa asubuhi hiyo. Chungu. Mawe matatu ya jikoni. Koleo lililojaa jivu, linafuka moshi. Halafu wakarudi ndani, wakatoka na kiti, na juu ya kiti wamembeba mama mkwe wangu.

Mama mkwe ana zaidi ya miaka themanini na tano. Miguu imemfia, ulimi haujasikia habari hiyo. Anaishi kwa shemeji kwenye chumba chenye dirisha na sakafu ya saruji.

"Mnanipeleka wapi?"

"Kuota jua, bibi."

"Jua limehamia bandani?"

Wakamwingiza. Nikaelewa kwa pumzi moja. Kikongwe, mjane, anaishi peke yake chini ya paa la nyasi, anapika kwenye mawe matatu. Hohehahe wa kupigiwa mfano. Na simu ya kupokelea pesa ingekuwa ya nani?

Nikakimbia mpaka kijitoni. Yaani nilitembea, lakini kwa hasira. Bi Mdogo alikuwa amebakiza mistari minne.

Sasa, mimi nimetania watu maisha yangu yote, kiasi kwamba nikisema kweli watu wanasubiri sehemu ya kucheka. Ningemwambia nilichokiona, angesema, "Wewe na utani wako," akaendelea kulima. Kwa hiyo ilibidi nimdanganye.

"Mama anataka kusuguliwa mgongo. Amemfukuza kila mtu. Anasema ni wewe tu."

Hilo akaliamini papo hapo, maana miaka ishirini na zaidi ni yeye anayemsugua.

"Sijamaliza kipande."

"Haya, nimwambie Mama kwamba magugu ya mwanawe ni muhimu kuliko mgongo wake?"

Akaitazama ile mistari minne. Akaweka jembe begani, akaja.

Tulipotokea nyuma ya boma, Binti Kofia alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, ameshika simu yao ile pana kama sinia. Kando yake alisimama shemeji. Alikuwa amevaa shati lililochanika kwapani. Nililijua shati lile, ni la mchunga ng'ombe wake. Na sauti alikuwa ameibadilisha, imekuwa laini, imepungua ekari zote.

"Ni mama yangu mzazi. Anaishi peke yake, ni kaya inayojitegemea. Mimi namsaidia kidogo nikipata, lakini hali si unaiona."

Bi Mdogo akasimama. Jembe likashuka begani taratibu, lenyewe.

Binti Kofia akainama, akaingia, akachuchumaa mbele ya yale mawe.

"Nani anapika hapa?"

"Mwenyewe," akasema shemeji. "Wajukuu wanamsaidia kuni."

"Na leo amepika?"

"Uji, asubuhi. Shika hilo jivu, bado la moto."

Binti Kofia hakugusa jivu. Aligusa mawe. Kila aliyewahi kupuliza moto anajua kwamba jiwe la jikoni lina uso na lina kisogo. Uso unatazama moto, unakuwa mweusi tii. Kisogo kinatazama wapishi, kinabaki jinsi kilivyookotwa. Sasa wale wanaume wawili wenye ndevu, ambao hawajawahi kukaa mbele ya jiko tangu walipoachishwa ziwa, walikuwa wameyapanga mawe yote matatu nyuso nje. Jivu lilikuwa katikati ya visogo vitatu safi.

"Moto wa hapa," akauliza Binti Kofia, "unawaka kwa nje?"

Shemeji akayatazama mawe. Akayatazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Maisha yake yote amekula kutoka kwenye mawe yale, na hakujua moto unakaa upande gani.

"Ni aina ya mawe," akasema.

Nilicheka mpaka nikamshika mbuzi nisianguke.

Binti Kofia hakucheka. Akamgeukia mama mkwe. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, unaishi hapa?"

"Naishi hapa."

Shemeji akashusha pumzi.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu saa saba."

"Saa saba ya lini?"

"Ya leo. Wameniambia naota jua. Na wewe umeletwa kuota?"

Binti Kofia akaifunika ile simu pana. Akamtazama shemeji jinsi unavyotazama chini ya kiatu chako baada ya kupita njia ya ng'ombe.

"Shemeji," akasema Bi Mdogo.

Ilikuwa sauti ndogo, lakini wote tuligeuka.

"Hii ni ile pesa? Ile ya shetani?"

"Bi Mdogo, rudi kazini. Umeacha kipande."

"Umempeleka Mama kumwandikisha kwa shetani?"

Shemeji akatafuta pa kutokea, na kwa kuwa yeye ni mwerevu sana, akapapata. Akainua kidole kama mwalimu. "Tulia, nikueleze. Kwa Mama haina madhara. Wao wanachukua mzaliwa wa kwanza. Mzaliwa wa kwanza wa Mama ni marehemu. Hakuna cha kuchukuliwa."

Akatabasamu. Mungu wangu, alitabasamu, anangoja tumsifu. Marehemu anayemsema ni kaka yake, aliyekuwa mume wangu na mume wa huyu aliyesimama naye. Alikuwa amemfukua mtu kaburini akamfanya hoja.

"Na wa pili je?" akauliza mama mkwe kutoka kitandani. "Wakitaka wa pili nawapa leo hii, na kamba yake."

Bi Mdogo hakumsikia. "Kwa hiyo ulikaa ukalifikiria," akamwambia shemeji. "Ukalipanga vizuri. Miezi mitano mimi sina usingizi. Kila asubuhi nampigia mwanangu nisikie kama anapumua. Ulikuwa unaniona napita hapa macho mekundu, ukaniuliza kama naumwa. Uliniuliza, shemeji. Ukanipa pole."

"Sikiliza. Ukiondoka hapa bila kumaliza kile kipande, hupati ya leo, wala hupati ya wiki nzima."

Ilikuwa Alhamisi, na mwaka huo alikuwa akilipa Jumamosi. Siku nne za mgongo wake, na nyumbani kwake hakukuwa na unga hata wa kumdanganyia mende. Shemeji alijua hivyo. Ndiyo maana alilisema polepole.

Bi Mdogo akanyooka. Kwa miaka thelathini sikuwahi kumwona amenyooka mpaka mwisho. Shemeji ikambidi ainue kidevu.

"Chukua," akasema. Kisha akamgeukia Binti Kofia. "Mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Tisa na ishirini."

"Nyumba yangu ni ile pale. Mimi ndiye niliyekuambia sipo."

"Nilikukumbuka kwa sauti," akasema Binti Kofia.

Mama mkwe hatukumwacha. Nilichukua toroli ya mbolea iliyokuwa imeegemea ua, nikatandika lile blanketi, na wale wenye ndevu wakamweka ndani kwa sababu niliwaambia wamweke. Shemeji akasema toroli ni yake. Mama mkwe akamwambia, "Na wewe ni wangu, na angalia nilivyopata hasara." Nikaisukuma mwenyewe mpaka kwangu, yeye akinielekeza mashimo baada ya kuyapita.

Nilipomlaza kwenye godoro langu na kukimbilia kwa Bi Mdogo, Binti Kofia alikuwa amekwisha kuona mkeka, chungu, na paa ambalo unahesabia ndege ukiwa umelala. Maswali yote yalikuwa yamejibiwa. Kilichobaki kilikuwa kidole. Bi Mdogo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kidole gumba hewani juu ya ile simu pana, na hakishuki.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

"Si umemwona shemeji mwenyewe?" nikamwambia. "Alitunga."

"Nimeona kwamba shemeji ni mwongo, Bi Mkubwa. Sijaona kwamba shetani hayupo."

Binti Kofia akaangalia saa.

"Ngoja," akasema Bi Mdogo. Akatoa kisimu chake kwenye fundo la kanga, akapiga. Kikaita, kikaita. Halafu tukasikia nyundo na sauti ya mwanawe kwa mbali.

"Mama? Kuna nini?"

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi? Uko juu?"

"Niko juu ya ukuta, mama, naweka mkanda wa zege."

"Shuka."

"Mama, fundi mkuu ananiangalia."

"Akuangalie. Shuka, usikate simu."

Tukasikia mbao zinalia, tukasikia mtu ananung'unika, tukasikia kicheko cha wanaume wengine.

"Haya nimeshuka."

"Umesimama chini? Kwenye udongo? Hakuna tofali juu ya kichwa chako?"

"Hakuna, mama. Nani amekufa?"

"Nyamaza, simama hapo hapo."

Akafumba macho, akabandika kidole. Ile simu pana ikalia kidogo, kama kifaranga. Bi Mdogo akaendelea kushikilia ile nyingine sikioni, amebana pumzi.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Pumua nisikie."

Akapumua. Tulimsikia wote watatu.

"Haya, rudi kazini," akasema mama yake, akakata.

Binti Kofia akapangusa jicho, akasingizia vumbi, akapanda pikipiki yake mbovu. Alipoondoka, Bi Mdogo akabaki pale kizingitini akikitazama kidole gumba pande zote mbili, kama anayetaka kuona iwapo kimepungua.

Ijumaa asubuhi alikuja kunywa chai kwangu, akala, hakubishana. Mama mkwe alikuwa anamweleza kwamba godoro langu ni laini mno na kwamba mimi nakoroma. Kisha tukashika majembe, mimi na yeye, tukaingia kwenye zile nyasi zake. Ilibidi kupapasa kwa mkono kutafuta mahindi kabla ya kushusha jembe.

Habari za banda zilikuwa zimeshamaliza kijiji. Ng'ambo ya njia kulikuwa kimya. Wale kumi waliobaki hawakwenda hata mmoja, na waliowahi kuwaita nyumbani wenzake Binti Kofia kabla hawajafunga, wanne hao, walikuwa kwenye mashamba yao. Wengine sita walikuwa wanajilaumu vitandani, lakini walikuwa vitandani mwao.

Jua lilipopanda, shemeji akaja. Peke yake, na viatu vizuri. Akaingia katikati ya shamba la Bi Mdogo, akakohoa.

"Shemeji zangu. Jana hasira ziliingia kati. Mimi ni mtu wa familia."

Mimi niliendelea kulima. Bi Mdogo naye.

"Nitalipa mara mbili. Na kipande nitakipunguza nusu. Uji tutatia maziwa. Mnasemaje? Yale mahindi ya kijitoni yakikaa wiki nyingine yamekwisha, na nyie wenyewe mnajua ni ya ukoo."

Jembe la Bi Mdogo likaenda, likarudi.

"Bi Mdogo, nasema na wewe. Angalau nitazame basi."

Akamtazama. Si usoni, miguuni.

"Sogea, shemeji. Umekanyaga mahindi yangu."

Shemeji akainama kutazama. Nyasi zilikuwa nyingi, na mahindi yale yalikuwa membamba, nakubali. Akatazama mguu huu, akatazama ule. Akainua mguu mmoja kwa uangalifu mkubwa, akausogeza pembeni, akangoja kuambiwa asante.

Aliinua ule ambao haukuwa umekanyaga kitu.